Kibuyu Chirizi Kisichokauka: Namna ya Kubuni Sehemu ya Kunawia Mikono Shuleni

Mtu mwenye dumu la lita 5, kamba, msumari na miti minne anaweza kutengeneza kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa kukanyaga mti, kwa asubuhi moja, na akabaki na muda wa kunywa chai. Urahisi huo ndio uliokifanya kifaa hiki kienee katika shule na kaya nyingi za vijijini nchini Tanzania. Urahisi huohuo ndio unaotufanya tudhani kwamba kazi imekwisha pindi kamba ya mwisho inapofungwa. Nimepita katika shule ambazo miti ingali imesimama wima, dumu lingali linaning'inia na kanyagio lipo mahali pake, lakini dumu ni kavu tangu wiki ya pili ya muhula, na kamba ya sabuni imebaki kamba tupu. Hakuna kilichovunjika. Kilichokosekana ni ubunifu wa mambo yanayokizunguka kifaa: pale kinaposimama, kimo chake, njia inayomfikisha mtoto hapo, na mtu anayekijaza bila kusubiri kukumbushwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa afya, mjumbe wa kamati ya shule au kikundi cha vijana kinachotaka kufanya jambo la manufaa bila kusubiri mfadhili. Ujenzi wenyewe umeelezwa kwa ukamilifu, lakini sehemu kubwa ya maelezo imeelekezwa kwenye yale yanayoamua iwapo kifaa kitatumika baada ya wajenzi kuondoka.

Jina la kifaa linaeleza asili yake. Kabla ya dumu la plastiki kilikuwa kibuyu halisi: nchini Zimbabwe, daktari Jim Watt alibuni kibuyu cha kutundika ambacho mtu alikiinamisha kidogo, kikamwaga maji kiasi cha kunawia, kisha kikarudi chenyewe mahali pake. Kiliitwa mukombe, neno la Kishona ambalo halimpi taabu msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa linamkumbusha kikombe. Baadaye dumu lilichukua nafasi ya kibuyu, na kanyagio likaongezwa ili mikono michafu isiguse chochote isipokuwa maji na sabuni. Hapo ndipo penye akili ya kifaa hiki. Zikumbuke ndoo zenye koki zilizojaa mbele ya maduka mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19: koki ilifunguliwa kwa mkono mchafu, na ikafungwa kwa mkono uleule baada ya kusafishwa. Mwaka huohuo, mtoto wa miaka 9 katika Kaunti ya Bungoma, Kenya, aliliona tatizo hilo, akaunda kwa mbao na misumari kifaa cha kunawia kinachoendeshwa kwa mguu, na akatunukiwa nishani ya rais. Hakuwa na maabara wala bajeti. Alitazama watu wakinawa, basi.

Tazama kabla ya kuchimba

Kazi ya kwanza si kukata miti bali kukaa. Chagua siku mbili za kawaida, zisizo na wageni wala mitihani, ukae mahali unapoona milango ya vyoo wakati wa mapumziko, uhesabu mambo mawili tu: watoto wangapi wametoka chooni, na wangapi wamenawa kwa sabuni kabla ya kurudi darasani au kununua chakula. Usikae na daftari mkononi kama mkaguzi, kwa sababu watoto watanawa kwa ajili yako, na hesabu utakayopata itakuwa ya heshima na si ya usafi. Shika kazi nyingine, kama vile kukarabati uzio au kumwagilia miche, na utunze hesabu kwa kokoto: mfuko wa kulia kwa waliotoka chooni, mfuko wa kushoto kwa walionawa. Ukimaliza, hesabu kokoto zako na uandike tarehe pembeni. Tarakimu hizo mbili utazihitaji tena baada ya wiki sita, hivyo zitunze vizuri.

Pamoja na hesabu, angalia miguu. Watoto wakitoka chooni wanapinda upande gani? Wanakimbilia nini? Wapi hupatikana kivuli, na wapi hujaa tope mvua inaponyesha? Maji ya shule yanatoka wapi, nani anayachota, na kwa chombo gani? Katika shule moja niliyoshiriki kazi hii, tulisimamisha vibuyu vinne nyuma ya vyoo kwa sababu ndipo palipokuwa na mwembe wenye kivuli kizuri. Watoto walitoka chooni wakapinda kushoto, kuelekea uwanjani na kwa mama anayeuza maandazi. Vibuyu vyetu vilikuwa kulia, ng'ambo ya ukuta. Hakuna mtoto aliyekataa kunawa. Hawakuwa na sababu ya kupita huko, na sisi hatukuwa tumekaa hata nusu saa kuwatazama kabla ya kuchimba.

Ukitaka kuwauliza watoto, usiwaulize kama wananawa mikono. Wote watajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu." Mwombe mmojammoja akuonyeshe anachofanya kuanzia anapotoka darasani kwenda chooni hadi anaporudi, nawe umfuate nyuma bila kumsahihisha. Utajifunza kwamba mtoto wa darasa la kwanza hawezi kunyanyua ndoo, kwamba wasichana wa darasa la saba hawapendi kunawa mbele ya wavulana, na kwamba sabuni imefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu kwa sababu iliyopita iliibwa.

Idadi ya vibuyu isitokane na idadi ya wanafunzi wa shule nzima, bali na msururu wa wakati wa mapumziko. Kunawa ipasavyo, yaani kulowesha mikono, kusugua kwa sabuni kwa sekunde 20, kisha kusuuza, huchukua karibu dakika 1 kwa mtoto. Kwa hiyo, katika mapumziko ya dakika 20, kibuyu kimoja huhudumia watoto wapatao 20 tu. Kiwango kinachotumika Tanzania ni tundu 1 la choo kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, na ingawa shule nyingi hazijakifikia, kinatoa kipimo rahisi cha kuanzia: kibuyu kimoja kwa kila tundu la choo, kisha uongeze pale unapoona watoto wanaacha foleni na kukimbia. Mtoto mwenye njaa hasubiri.

Ujenzi

Tafuta dumu safi la mafuta ya kula la lita 5, ambalo mkono wake una uwazi wa kutosha kupitisha mti. Dumu lililobeba dawa ya kuulia wadudu au magugu lisitumike kamwe, hata likioshwa mara kumi. Utahitaji pia miti miwili imara yenye panda juu, mti mmoja ulionyooka wa kulaza kati ya panda hizo, mti mwingine wa urefu wa mita 1 hivi kwa ajili ya kanyagio, kamba ya nailoni, msumari, koleo la kushikia msumari ukiwa wa moto, pamoja na kokoto za kujaza debe moja au mawili. Kamba ya katani ni nafuu, lakini huoza kwa sababu hulowa kila siku.

Anza na kimo, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea. Maelekezo ya kawaida hutaja miti ya mita 2, ikizikwa sentimita 50 na kubaki mita 1.5 juu ya ardhi. Kimo hicho kinamfaa mtu mzima. Mtoto wa darasa la kwanza atalazimika kuinua mikono juu ya kifua, na maji yataingia kwenye mikono ya shati hadi kwapani. Siku ya baridi hatarudi tena. Mwite mtoto mfupi kuliko wote katika darasa la kwanza na mwenzake wa kimo cha kati katika darasa la tano, uwasimamishe bega kwa bega, na upime kutoka ardhini hadi kwenye viwiko vyao. Jenga vibuyu vya aina mbili, tundu la maji likiwa juu kidogo ya kiwiko cha yule anayekusudiwa, kisha ndipo ukate miti kwa kipimo hicho, ukiongeza umbali kutoka kwenye tundu hadi kwenye mti wa kulaza, pamoja na sentimita 50 zitakazozikwa.

Chimba mashimo mawili yaliyoachana kwa sentimita 70 hivi, usimamishe miti yenye panda na kushindilia kwa mawe na udongo hadi isitikisike ukiiegemea. Mahali penye mchwa, paka sehemu itakayozikwa oili chafu ya gari au iunguze kidogo motoni. Bila hivyo, miti haitaumaliza mwaka. Pashe msumari moto kwenye jiko la mkaa, utoboe tundu dogo la milimita 2 hivi kwenye upande wa dumu utakaomwelekea mnawaji, sentimita 12 chini ya kizibo. Toboa tundu jingine dogo zaidi juu, karibu na kizibo, ili hewa iingie wakati maji yanapotoka. Bila tundu hilo, maji hutoka kwa kukatakata. Watakuwepo watakaosema tundu la maji ni dogo mno. Wavumilie, wala usilipanue. Mkondo mwembamba ndio unaolifanya dumu moja liwatoshe watoto wengi.

Pitisha mti wa kulaza ndani ya mkono wa dumu, uulaze kwenye panda, kisha funga kamba kwenye shingo ya dumu chini ya kizibo, ili kizibo kiweze kufunguliwa wakati wa kujaza. Ncha ya pili ya kamba ifungwe kwenye ncha ya mti wa kanyagio, uning'inie sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi, na ncha nyingine ya mti huo ikae chini bila kufungwa. Jaza maji hadi chini kidogo ya tundu. Dumu likiwa limetulia, uso wa maji uko chini ya tundu na hakuna kinachotoka. Kanyagio likikanyagwa, shingo huinama, maji husogea mbele na kulifunika tundu, nayo huchirizika. Mguu ukiondolewa, uzito wa maji yaliyo nyuma hulirudisha dumu mahali pake. Kwa kuwa hakuna cha kufunga, hakuna cha kusahaulika wazi.

Chini ya dumu, chimba beseni la upana wa sentimita 60 kila upande, lenye kina kidogo, ulijaze kokoto. Wajenzi wengi hulipuuza kwa sababu halionekani kuwa sehemu ya kifaa, lakini bila kokoto, siku tatu baadaye patakuwa na tope, na mtoto aliyevaa viatu vilivyosafishwa asubuhi hatakanyaga tope ili anawe mikono. Mahali penye mteremko, elekeza maji hayo kwenye mgomba au mpapai. Kizibo kibaki kimefungwa wakati wote, kwani maji yaliyo wazi ni makazi ya mbu, wakiwemo wale wanaoeneza homa ya dengi.

Hakikisha angalau kibuyu kimoja hakihitaji mguu. Mtoto anayetembea kwa magongo au kwa kiti cha magurudumu hawezi kukanyaga na kunawa kwa wakati mmoja; mwongezee kamba fupi yenye kipande cha mti cha kuvuta kwa kiwiko, na usawazishe ardhi ili kiti kifike bila kuzama kwenye kokoto. Upande wa wasichana wakubwa, kibuyu kimoja kiwe ndani ya uzio wa choo chao, kwa sababu siku za hedhi maji yanahitajika ndani, si uwanjani.

Sabuni

Kipande cha sabuni ya mche hutobolewa kwa msumari wa moto, kikapitishwa kamba na kutundikwa kwenye mti wa kulaza. Juu yake weka kifuu cha nazi kilichotobolewa au kopo lililopinduliwa, kiwe mwavuli wa kuzuia mvua. Hata hivyo, sabuni ya kipande ina maadui wengi. Panya huila, kunguru huiba, na binadamu pia huiba, jambo lisilopaswa kumshangaza yeyote pale ambapo sabuni ni kitu cha kununuliwa kwa kujinyima.

Njia inayodumu zaidi ni maji ya sabuni. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, utie gramu 30 za sabuni ya unga, yaani vijiko vya chakula viwili hadi vitatu, ujaze maji na kutikisa. Toboa kizibo kwa msumari mwembamba, kisha uifunge chupa kwa kamba kwenye nguzo. Mtoto huibinya mara moja, akapata ya kumtosha. Hakuna mwizi anayetamani chupa ya maji yenye povu, na kiasi hicho cha unga hutumika kwa mikono mingi kuliko kipande cha mche cha bei ileile. Pale ambapo sabuni imekwisha kabisa, majivu safi yanaweza kusaidia kwa siku chache, lakini yasigeuzwe kuwa mpango, kwa sababu yakishazoeleka hakuna atakayeitafuta sabuni.

Njia inayompeleka mtoto

Katika shule mbili za msingi za vijijini nchini Bangladesh, watafiti walifanya jambo ambalo kila mwalimu anaweza kuliiga kwa kopo la rangi. Walitengeneza njia ya matofali yaliyopakwa rangi angavu kutoka kwenye choo hadi mahali pa kunawia, wakachora nyayo juu ya njia hiyo na viganja vya mikono pale pa kunawia. Hawakutoa somo la usafi wala kubandika mabango. Kabla ya hapo, ni asilimia 4 tu ya watoto waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Siku iliyofuata baada ya kazi hiyo kukamilika walifikia asilimia 68, na baada ya wiki sita walikuwa asilimia 74. Napenda mfano huu kwa sababu unatuondolea mazoea ya kumlaumu mtoto. Mtoto huyo alijua kwamba mikono hunawiwa. Kilichokosekana ni kitu cha kumkumbusha katika sekunde zile chache kati ya mlango wa choo na mchezo uliokuwa ukimsubiri.

Kibuyu kisimame mahali ambapo mtoto akitoka chooni hukiona mbele yake bila kugeuka, na ikiwezekana, kati ya choo na kile anachokikimbilia. Umbali usizidi hatua kumi. Mawe yaliyopakwa chokaa yanatosha kuwa mipaka ya njia, na nyayo zinaweza kuchorwa kwa rangi iliyobaki kwenye madarasa, huku watoto wenyewe wakitoa miguu yao ipimwe. Watakuwa wakitafuta nyayo zao kila siku. Chokaa hufutwa na mvua, kwa hiyo panga kuirudia kila mwanzo wa muhula, kazi ambayo klabu ya afya huifanya kwa furaha kuliko mikutano.

Nani anajaza

Hili ndilo swali ambalo kibuyu huishi au hufa kwalo, na linapaswa kujibiwa kabla ya kutoboa dumu la kwanza.

Pima kwanza mahitaji halisi. Jaza dumu moja, simama karibu, na uhesabu watoto wanaonawa hadi likauke. Ukikuta limewatosha watoto 20, shule yenye wanafunzi 200 wanaonawa mara mbili kwa siku itahitaji kujaza mara 20, yaani kati ya lita 80 na 100, kwa kuwa dumu la lita 5 halijazwi hadi juu. Lita 100 ni ndoo tano za lita 20. Ikishaziona kwa ndoo, kamati ya shule itaacha kusema "tutaona" na itauliza ndoo hizo zitatoka wapi: bombani, kisimani, kwenye tangi la maji ya mvua, au kwenye vidumu ambavyo wanafunzi huja navyo kutoka nyumbani. Kama jibu ni vidumu vya wanafunzi, nusu lita kwa kila mmoja wa wanafunzi 200 inatosha, na mtoto mdogo anaweza kuibeba.

Kisha rahisisha ujazaji wenyewe. Weka pipa au ndoo kubwa yenye mfuniko hatua chache kutoka kwenye vibuyu, pamoja na kikombe chenye mpini mrefu na faneli iliyokatwa kwenye shingo ya chupa ya plastiki, ili anayejaza asilazimike kulishusha dumu. Chora kwa rangi mstari mwekundu nje ya dumu pale maji yanapopaswa kukomea. Dumu linalopitisha mwanga hufaa zaidi, kwa sababu ukame wake huonekana kwa mbali, na kitu kinachoonekana kwa mbali hushughulikiwa upesi. Nimeona mwalimu mmoja akibadilisha madumu ya njano kwa meupe kwa sababu hiyo tu, na kwa maoni yangu lilikuwa badiliko bora kuliko yote yaliyofanywa na mradi mzima.

Zamu ya kujaza ipewe darasa, si mtoto mmoja, na itundikwe ukutani kama zamu za usafi. Wakati wa kujaza uwe uleule kila siku: kabla ya gwaride la asubuhi na mara tu baada ya mapumziko ya kwanza. Kiranja wa zamu aripoti kwa mwalimu wa zamu kwa sentensi moja, "Vibuyu vimejaa" au "Kibuyu cha tatu hakina maji," na mwalimu aandike kwenye kitabu cha zamu ambacho tayari kipo. Usianzishe daftari jipya; madaftari mapya ya miradi huishia kabatini pamoja na mradi.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo: kuchota maji ya vibuyu kusiwe adhabu. Ni rahisi mno kwa mwalimu kumwambia aliyechelewa akajaze madumu, na maji yatajazwa kweli siku hiyo. Lakini watoto watajifunza kwamba kibuyu ni mahali pa wakosefu, na mwalimu asipokuwepo hakuna atakayekisogelea. Wape wanaojaza heshima ndogo badala yake, kama vile kuwa wa kwanza kupanga foleni ya uji.

Kutoka shuleni hadi nyumbani

Usilete vibuyu ishirini kwa siku moja. Jenga viwili, uvitazame kwa wiki mbili, uruhusu vivunjike, kisha urekebishe na kuongeza. Kamba itakatika pale inapokwaruza mti. Zungushia mpira wa baiskeli. Watoto watabembea kwenye mti wa kulaza. Ufunge kwenye panda. Mbuzi wataitafuna kamba ya kanyagio wakati wa likizo; ifungue na kuihifadhi stoo. Kila kasoro utakayoigundua kwa viwili hugharimu dakika chache, ilhali kwa ishirini hugharimu Jumamosi nzima na imani ya wazazi.

Wakati wa kuvipeleka vijijini ukifika, historia yetu ina mfano wa kufuata. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kuwafikia Watanzania wapatao milioni 2, lakini redio haikuachiwa kazi yote. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakakubaliana nini kifanyike kijijini kwao kabla ya kipindi kijacho. Vyoo vingi vilichimbwa kwa makubaliano ya namna hiyo. Mkutano wa wazazi unaweza kuendeshwa kwa utaratibu huohuo. Badala ya hotuba, mwombe mtoto mmoja ajenge kibuyu mbele ya wazazi kwa muda wa mkutano, kisha wazazi wagawanyike kwa vitongoji, kila kitongoji kiamue nyumba tatu zitakazoanza na siku ambayo mjumbe atapita kuvitazama. Mzazi aliyeahidi mbele ya jirani zake hujenga. Aliyepewa kipeperushi hufungia vitumbua.

Nyumbani kibuyu kinahitaji marekebisho. Bibi au babu asiyeweza kukanyaga kwa nguvu apunguziwe uzito kwa dumu la lita 3. Mahali pake ni pawili, karibu na choo na karibu na jiko, na kama familia inaweza kuwa na kimoja tu, mwulize mama mwenye nyumba achague, kwa sababu ndiye atakayekijaza au atakayemtuma mtu akijaze. Katika kaya nyingi nimeona kile cha jikoni kikidumu zaidi, maana maji tayari yako hapo na macho ya watu wazima pia.

Kuhesabu tena

Wiki sita baada ya kibuyu cha mwisho kusimama, rudi kwenye uzio wako ukiwa na kokoto mifukoni, siku mbili za kawaida, mapumziko yaleyale. Linganisha tarakimu na zile za mwanzo. Kama walionawa hawajaongezeka, au wameongezeka kisha wakapungua, usianze na somo la usafi. Fungua kizibo uangalie maji. Kama maji yapo, bonyeza chupa ya sabuni. Kama sabuni ipo, simama mlangoni mwa choo na uangalie unachokiona mbele yako. Huenda mtu ameegesha baiskeli mbele ya kibuyu, au nyasi zimeota, au muuza maandazi amehamia upande wa pili na watoto wamemfuata. Hapo ng'oa miti, uihamishe. Mashimo mawili ya sentimita 50 ni kazi ya nusu saa, na dumu halijali linaning'inia wapi.